Redio ya Kiwandani Ibaki Palepale: Maswali ya Muziki wa Gari kutoka Tanga

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga mjini na wilaya za jirani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: namna ya kuongeza muziki bila kung'oa redio iliyokuja na gari. Tumeanza na ile yenye kazi ndefu.

Nina Toyota IST. Redio yake imekaa vizuri kwenye dashibodi na sitaki kuitoa, lakini sauti ni nyembamba na nikipandisha inakwaruza. Fundi ameniambia nikiiacha redio hii hakuna nitakachopata. Ni kweli? (Msomaji, Raskazone)

Si kweli. Redio ya kiwandani inasoma muziki vizuri tu. Kinachoishinda ni nguvu. Hata ikiandikwa wati 50 mara nne, umeme wa gari injini ikiwaka ni volti 14 na ushee, na kwa spika ya omu 4 hiyo redio hutoa wati 15 hadi 18 safi kwa kila spika. Ukipandisha zaidi ya hapo, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, ndiyo huko kukwaruza. Kwa hiyo redio ibaki kusoma muziki, na kazi ya kusukuma spika apewe amplifaya.

Kabla ya amplifaya, malizana na milango. Hapa ndipo pesa za wengi zinapopotea, maana spika ya bei mbaya ikifungwa kwenye mlango unaotetemeka inalia kama ya bure. Fungua kava la mlango: skrubu huwa zimefichwa kwenye kishikio na nyuma ya mkono wa kufungulia, kisha vishikizo vya plastiki vinavyotoka kwa kuvutwa kwa kipande cha plastiki, si bisibisi. Spika za Toyota nyingi zimefungwa kwa ribiti. Toboa vichwa vya ribiti kwa keekee na uhakikishe chenga za chuma zimetoka zote, kwa sababu sumaku ya spika mpya itazivuta na zitaanza kukwangua.

Pima kabla ya kununua. Spika za inchi 6.5 huingia kwenye magari mengi ya Kijapani, lakini kina ndicho kinachokwamisha. Shusha kioo hadi chini kabisa, kisha pima kutoka kwenye bati la kufungia hadi kwenye kioo. Ukipata milimita 60, usinunue spika yenye kina cha 65 kwa matumaini kwamba itaenea. Ikibidi kuiinua, weka ringi ya plastiki ngumu. Ringi ya mbao za kawaida itavimba masika ya kwanza.

Bandika shiti za butili (mpira mzito wenye gundi) kwenye bati la nje la mlango, upande wa ndani. Huhitaji kufunika kote. Theluthi moja ya bati, katikati panapotetemeka zaidi, inatosha kuua mtetemo. Halafu ziba matundu makubwa ya bati la ndani, maana besi ya mbele ya spika ikikutana na ile ya nyuma zinafutana. Usitumie shiti za lami za kuezekea. Gari likishinda juani zitalainika, zitatiririka, na harufu yake haitoki.

Kabla ya kurudisha kava, hakikisha chanya na hasi. Waya za spika zikiwa hazijaungwa kwenye redio, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa nukta moja: chanya ikigusa chanya, koni inatoka nje. Mlango mmoja ukigeuzwa, spika zote zitalia lakini besi itatoweka, na utaanza kulaumu amplifaya.

Sasa redio. Fremu ya dashibodi huvutwa, na redio yenyewe kwa kawaida imeshikwa na bolti nne za spana 10. Kwenye Toyota nyingi, waya za spika ya mbele kulia ni kijani mpauko (chanya) na buluu (hasi). Mbele kushoto ni pinki na zambarau. Nyuma kulia ni nyekundu na nyeupe. Nyuma kushoto ni nyeusi na njano. Waya ya kijivu hupata umeme ukiwasha switi, ya buluu yenye mstari wa njano ina umeme muda wote, na kahawia ni ethi, yaani hasi inayoungwa kwenye bodi ya gari. Rangi hizi zisikufanye uache kupima kwa mita. Gari limeshapita mikononi mwa mafundi wengine kabla yako.

Jambo moja ushike sana: waya hasi ya spika si ethi. Kwenye redio hizi waya zote mbili za spika zina umeme wa volti 6 hivi, nusu ya betri. Fundi akiunga hasi ya spika kwenye bodi ya gari, chipu ya redio inaungua, na hapo redio uliyotaka kuitunza inakuwa imekwenda.

Tafuta amplifaya ya njia nne yenye sehemu ya kupokea waya za spika moja kwa moja. Ya wati 50 halisi kwa kila njia inatosha kwa IST. Kama uliyo nayo inapokea RCA pekee (zile pini za duara za waya za sauti), nunua konvata inayoshusha sauti ya spika iwe ya RCA, na iwe ile inayotenganisha hasi kwa transfoma ndogo. Za bei ya chini kabisa huziunganisha hasi zote pamoja, na kwa redio za aina hii zinaleta madhara yaleyale ya kugusa bodi. Chukua sauti kwenye waya za mbele na za nyuma, ili kitufe cha kugawa mbele na nyuma kiendelee kufanya kazi. Waya ya kuiamsha amplifaya iunge kwenye ile ya kijivu, isipokuwa kama amplifaya yako inajiwasha yenyewe ikihisi sauti.

Amplifaya ya wati 200 kwa jumla, ya daraja D, hula ampea 18 hivi ikisukumwa hadi mwisho. Waya ya shaba ya milimita za mraba 10 na fyuzi ya ampea 30 vinatosha. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya, si amplifaya. Ikikaa karibu na amplifaya, waya ikichubuka njiani hakuna cha kuukata moto. Pitisha waya kwenye tundu lenye mpira, kamwe si kwenye bati tupu. Ukwangue waya kwa kisu kabla ya kulipa: ikiwa ndani ni nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na itabidi uchukue nene zaidi kwa kazi ileile.

Kama redio yako ni ya Toyota yenye ramani, usikimbilie kutoa betri. Baadhi zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya kufungulia. Unga vitu vyote, fyuzi ikiwa nje ya kikombe chake, waya ya betri uifunge mwisho, kisha ndipo uingize fyuzi.

Kuseti gaini, kile kirungu cha amplifaya cha kulinganisha sauti inayoingia, usitumie sikio. Chomoa spika kwenye amplifaya, weka besi na treble katikati, zima kitufe cha kuongeza besi, cheza sauti ya majaribio ya hezi 1000, na uweke redio kwenye robo tatu ya sauti yake. Weka mita kwenye volti za AC, kwenye matokeo ya amplifaya, upandishe gaini taratibu. Kwa wati 50 na omu 4, simama kwenye volti 14. Hesabu ni wati mara omu, kisha kipeuo cha pili cha jibu. Chuja milango kwa hezi 80, chini ya hapo isipite.

Wufa, spika ya besi peke yake, iwe ya mwisho. Kwa gari dogo tunapendelea ile bapa ya inchi 8 inayokaa chini ya siti na yenye amplifaya yake ndani, nayo ichujwe ipokee chini ya hezi 80 tu. Ukiisikiliza wiki moja milango ikiwa imetengenezwa vizuri, huenda ukaona wufa haina haraka.

Nimefungiwa amplifaya kwenye Noah. Muziki ni mzuri lakini kuna mluzi unaopanda nikikanyaga mafuta. Fundi anasema ni altaneta mbovu. Nibadilishe? (Dereva, Pangani)

Usinunue altaneta bado. Mluzi unaofuata injini mara nyingi ni ethi mbaya. Anza hivi: injini ikiwaka, zima amplifaya, chomoa RCA, kisha iwashe tena. Mluzi ukikata, unaingia kupitia waya za sauti au konvata. Ukibaki, uko kwenye umeme wa amplifaya yenyewe.

Kwa ule wa umeme, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya amplifaya na nyingine kwenye hasi ya betri, muziki ukiwa juu. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, ethi haifai. Tunaona mara nyingi hasi imefungwa kwenye bolti ya siti au ya mkanda, juu ya rangi na gundi. Tafuta bati la bodi, likwangue mpaka ling'ae, funga kwa terminali ya mviringo na bolti yenye nati, waya isizidi sentimita 45 na unene wake uwe sawa na wa chanya. Ukimaliza, paka rangi juu ya kiungo hicho. Kwa upepo wa bahari wa Pangani, bati lililoachwa wazi halichukui muda kushika kutu, na mluzi utarudi.

Kama ni upande wa sauti, angalia kama RCA imelazwa pamoja na waya ya betri. Ihamishie upande wa pili wa gari, na pale inapolazimika kuivuka waya ya umeme ivuke kwa pembe mraba. Kama mluzi unakuja tu ukiwa umechomeka simu kwenye AUX huku inachaji, tatizo ni chaja. Kuna kifaa kidogo cha kutenganisha ethi kinachochomekwa katikati ya waya ya AUX, kinaumaliza.

Redio ya gari langu ni ya Japani, FM inaishia 90. Nikitaka stesheni za juu lazima nibadilishe redio? (Msomaji, Muheza)

Hapana. Inatosha bendi ekspanda, kile kiboksi kinachokaa kati ya waya ya antena na redio. Kinashusha masafa. Cha kushusha 12 kitaileta stesheni ya 98.5 kwenye 86.5 ya redio yako, na kitafikisha mpaka 102. Cha 20 kitakupa kuanzia 96 hadi mwisho wa bendi, lakini cha chini ya 96 utakikosa. Andika kwanza stesheni unazosikiliza, ndipo uchague.

Kama umeshafunga na zinakoroma, angalia mambo mawili. Waya nyekundu ya kiboksi iwe kwenye umeme wa switi, si kwenye waya ya taa. Na kama antena yako ni ya kioo au ina kikuza mawimbi chake, kikuza hicho kinahitaji umeme kutoka redioni. Fundi akiisahau waya hiyo, hata stesheni ya jirani inakuja kwa mbali.

Wale wanaotumia kile cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari kurushia muziki wa simu wakumbuke kwamba redio ya Japani itakipata kati ya 87.5 na 90 tu. Na ubora wake hauwezi kupita wa FM. Redio yako ikiwa na tundu la AUX nyuma, hilo litumie kwanza.

Spika za milango hazijamaliza hata mwaka, zimeanza kukwaruza. Naishi karibu na bahari. (Msomaji, Chumbageni)

Fungua kava uangalie ukingo laini unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji, kwa joto na unyevu wa Tanga huwa unameguka vipande. Nunua wenye ukingo wa mpira na koni ya plastiki; koni ya karatasi hunywa maji. Kisha uliza karatasi ya plastiki ya ndani ya mlango iko wapi. Maji ya mvua hupita ndani ya kila mlango, hilo ni la kawaida, na ile karatasi ndiyo inayoyazuia yasimwagikie spika. Fundi akiichana na kuitupa, spika inaoga. Rudisha nyingine nzito kwa gundi, na uzibue vitundu vya kutolea maji chini ya mlango. Viungo vya waya vilehemu, uvifunike kwa mrija unaosinyaa kwa moto. Tepu nyeusi peke yake hulegea kwa joto na kuruhusu chumvi.

Je, betri ya gari ya kawaida inahimili? (Msomaji, Duga)

Kwa mfumo ulioelezwa hapo juu, amplifaya na wufa ndogo, ndiyo. Ukivuka wati 500 halisi kwa jumla kwenye gari dogo, taa zitaanza kupepesa kwa kila pigo la besi usiku, AC ikiwaka. Hapo kabla ya kununua chochote, osha terminali za betri na uongeze waya ya pili ya ethi kutoka hasi ya betri hadi kwenye bodi. Ukipiga muziki injini imezimwa, angalia volti: ikifika 12.2 betri imebaki nusu hivi, zima. Kuishusha chini ya hapo mara kwa mara kunaiua mapema, hata kama kila siku inawasha gari.