Kinachokuumiza kwenye kona ni bodi la gari, si kani ya kubuni

Mkuu, umeuliza: kama kani inayokutupa nje ya kona ni ya kubuni (yaani haitoki kwenye kitu chochote, huongezwa tu kwenye hesabu za aliye ndani ya kinachokata kona), mbona ndani ya Hiace tunaisikia kabisa ubavuni? Aliyekujibu kwamba "ni akili yako tu" hakukutendea haki. Ubavu unaminywa kweli. Cha kuuliza ni nani anayeuminya.

Mimi jibu nililipata kwa mwili kabla ya kulipata darasani. Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa nadandia Canter ya dagaa wabichi kutoka Kibirizi kupanda Mwanga, kule Kigoma. Siku hiyo nimekaa nyuma juu ya kipande cha turubai, bati la chini limelowa maji ya samaki, linateleza kama bamia. Dereva akakata kona kushoto. Nikaanza kuteleza kwenda kulia, nimekumbatia magoti, na muda wote ule wa kuteleza sikusikia chochote kikinivuta wala kunisukuma. Kisha ubavu wa bodi, pu! Mbavu ziliniuma siku tatu. Mtu aliyesimama barabarani angeona mambo yalivyo: mimi naendelea na njia yangu iliyonyooka, bodi ndilo lililokata kona likanijia.

Ngozi na misuli husikia pale sehemu moja ya mwili inapominywa au kuvutwa na nyingine. Kani ya kubuni huingizwa kwenye hesabu kwa kila chembe kulingana na tungamo lake (wingi wa maada yake), kwa hiyo mfupa, nyama na damu vyote hupata mchapuko uleule, yaani mwendo wao hubadilika sawasawa, na hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Bodi la gari halifanyi hivyo. Linagusa ubavu peke yake, na ubavu ndio unaolazimika kusukuma mwili uliobaki. Kwa mtu wa kilo 60, gari likienda kilomita 36 kwa saa kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 25, ni nyutoni 240, kama kuegemezewa mzigo wa kilo 24.

Lakini usiiite uongo. Ukipiga hesabu ukiwa ndani ya kitu kinachozunguka, huwezi kuikwepa. Watabiri wa hali ya hewa wanaihitaji ile kani ya kubuni inayopindisha pepo, aliyoieleza Mfaransa Coriolis mwaka 1835, maana sote tumo ndani ya dunia inayozunguka.

Na uzito wetu wa kila siku je? Uko vilevile, na hapa ndipo wanafunzi wangu hushtuka. Ruka ziwani kutoka juu ya gati: hewani dunia inakuvuta kwa nguvu zake zote, nawe unajisikia mwepesi kabisa. Ukisimama juu ya zege ndipo unajisikia mzito, kwa sababu zege linasukuma nyayo. Einstein alianzia hapo mwaka 1907 kuijenga nadharia yake ya mvuto. Wanaanga walio kilomita 400 juu wanavutwa kwa karibu asilimia 90 ya mvuto wa hapa chini, na bado wanaelea, kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja.

Ukitaka kujaribu bila kuumia, chukua chupa ya maji, bakiza kiputo kidogo cha hewa, funga, ilaze ikingame mapajani ndani ya gari. Kona ya kushoto, wewe utaegemea kulia. Kiputo kitakimbilia kushoto, kwa sababu maji mazito yamekitangulia upande wa nje.