Nanga tatu nilizoziacha Ziwa Kivu

Nanga yangu ya kwanza ilikuwa jiwe. Nililiokota ufukoni hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nikalifunga kwa kamba ya plastiki ya buluu, ile ya kuanikia nguo, nikajiona nimekwisha kuwa nahodha. Mimi na binamu yangu tulikuwa tumenunua boti ya mita 6 na moteri ya nguvu za farasi 15 iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu. Jumapili moja tukaenda upande wa kisiwa cha Idjwi, tukatupa jiwe karibu na ufuko, tukafungua ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Sijamaliza tonge la tatu, mzee mmoja mvuvi akapita na mtumbwi wake.

"Batoto, muko naenda wapi?"

Tukamwambia hatuendi popote, tumetia nanga. Akatazama ufuko, akatutazama sisi, akacheka mpaka kasia likamponyoka. Mbuzi tuliowaacha wakila majani pale karibu sasa walionekana wadogo kama kuku.

Nimeandika haya kwa sababu kila mwezi kuna kijana anayeniuliza, "Yaya (yaani mkubwa wangu), nanunua nanga ya kilo ngapi?" Swali la kilo ndilo lililonipoteza mimi pia. Nanga ndogo haishiki kwa uzito wake. Inashika kwa kuchimba, na inachimba pale tu kamba inapoivuta ikiwa imelala chini. Kamba ikiwa fupi inaivuta kwenda juu, na hapo hata chuma cha kilo 20 kinang'oka kama muhogo kwenye udongo wa mvua. Jiwe letu halikuwa na cha kuchimbia. Lilikuwa linatembea tu chini ya maji, na sisi tunalifuata huku tunakula.

Kwa hiyo anza na kamba, ndipo uende kwenye chuma. Pima kina cha maji, ongeza urefu wa pua ya boti kutoka majini, kisha zidisha mara tano kama unakaa kula na kuogelea, mara saba kama unalala au upepo unavuma. Maji ya mita 10 yanataka kamba ya mita 50 na zaidi. Watu wakisikia hivyo wanadhani nawatania, kwa kuwa wamezoea kumwaga kamba mpaka nanga iguse chini, basi. Kugusa chini si kushika. Tuliponing'iniza lile jiwe tulikuwa na kamba ya mita 20 kwa jumla!

Usitumie kamba ya plastiki ya buluu. Inaelea, moteri ya jirani inaikata, na haivutiki kama nailoni, kwa hiyo kila wimbi linaipiga nanga kama nyundo. Nailoni inazama na inanyumbuka. Kwa boti ya mita 5 au 6, unene wa milimita 10 au 12 unatosha. Kati ya kamba na nanga weka mnyororo wenye urefu kama wa boti yenyewe. Kazi yake ni kulaza mvuto chini, na kuikinga kamba isisagwe na mawe. Mzee mmoja anayechomelea vyuma mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu, aliniambia nilipomwomba anitengenezee nanga nzito mara mbili: "Uzito ya kazi gani? Peleka ile pesa ku munyororo." Alikuwa anajinyima biashara, na alikuwa sahihi.

Sasa chuma chenyewe. Uliza kwanza ziwa lina nini chini pale unapokwenda, maana Kivu ina tabia mbili zisizopatana. Kwenye ghuba za huku Bukavu kuna matope na udongo laini. Hapo nanga bora kwa anayeanza ni ile bapa yenye mabawa mawili yanayokunjika, iliyobuniwa na Mmarekani Richard Danforth na kutumiwa sana kwenye vyombo vya kutua ufukoni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni nyepesi, inalala sakafuni bila kuchukua nafasi, na ya kilo 5 hivi inaishika boti kama yangu bila matata. Ubaya wake ni kwamba upepo ukigeuka ghafla inaweza kung'oka na isichimbe tena. Nanga ya umbo la jembe, ambayo mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Taylor aliibuni mwaka 1933 kwa ajili ya ndege zinazotua majini, inavumilia zaidi upepo unaogeuka, ila ni nzito na ni ghali. Sijawahi kuimiliki. Rafiki yangu anayo, na nakiri namwonea wivu.

Goma, upande wa kaskazini wa ziwa, ni habari nyingine. Ufuko wake ni mawe ya volkano, lava iliyoganda, yenye nyufa na matundu kama mkate ulioliwa na panya. Nanga ya mabawa inateleza juu yake au inabanwa milele. Ndivyo nilivyoiacha ya pili: iliingia kwenye ufa, nikaizunguka kwa boti pande zote, nikavuta mpaka pua ya boti ikaanza kunywa maji, mwishoni nikakata kamba. Tangu siku ile nikienda Goma nabeba nanga ya meno manne ya ferabeto, nondo zile za kujengea nyumba, si nene sana. Ikibanwa, unaifunga kamba fupi kwenye boti na kusukuma kwa moteri polepole. Meno yananyooka, inatoka, na nyumbani unayakunja tena kwa nyundo. Njia nyingine ni kufunga kamba ya pili nyembamba kwenye kichwa cha nanga, upande wa meno, na kuitia kidumu cha lita 5 kielee juu. Ukishindwa kuitoa kwa mbele, unaivuta kwa kinyume chake.

Ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi, na ni kosa la watu wengi wa ziwa hili. Kivu si bwawa. Kina chake kinafika karibu mita 480, na sehemu nyingi mteremko wa ufuko unaendelea vilevile chini ya maji. Ukisogea mita chache kutoka ukingoni, kamba yako haifiki tena. Jioni moja upande wa Idjwi nilitupa nanga karibu na nchi kavu, boti ikaelea upande wa ziwa, nikaona imeshika, nikalala. Usiku upepo wa kutoka milimani ukaanza kuvuma kuelekea ziwani, kama kawaida yake. Nanga ilikuwa inavutwa kuelekea bondeni, ikang'oka, ikateremka, na haikupata tena chini ya kushika. Nikaamka kwa sauti ya kamba ikikimbia. Na ule mwisho wa kamba, mtaalamu mimi, sikuwa nimeufunga popote.

Kwenye mteremko fanya kinyume. Angusha nanga upande wa ziwa, rudi nyuma polepole kuelekea ufukoni huku unalegeza kamba, kisha funga kamba nyingine kutoka nyuma ya boti hadi kwenye mti au mwamba wa nchi kavu. Sasa nanga inavutwa kupanda mlima, na kadiri inavyovutwa ndivyo inavyochimba. Pua ya boti inaelekea mawimbi, na hilo ni jema. Watu wa pwani wana maneno yao matamu, tezi na omo. Sisi huku tunasema nyuma na mbele tu, lakini sheria ni ileile: usifunge kamba ya nanga nyuma peke yake. Nyuma kuna moteri, kuna uzito, ukingo uko chini, na wimbi moja la kutosha linaingia lote ndani.

Nikishatia nanga, narudi nyuma kwa moteri polepole mpaka kamba ikaze, halafu natafuta vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, tuseme mgomba na kona ya bati la nyumba. Vikiachana wakati boti haijageuka na upepo, ujue unaburutwa. Usisubiri mzee wa mtumbwi aje kukuuliza.

Mambo mengine nayapitia haraka. Moteri yako si farasi 15 huku kwetu: ziwa liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na moteri inapoteza karibu moja ya saba ya nguvu zake, kwa hiyo punguza mzigo. Mafuta gawa mara tatu: kwenda, kurudi, na akiba. Jile, yaani jaketi la kuokolea, livaliwe, lisikaliwe. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imejaza watu kupita kiasi ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukoni, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba karibu na bandari hakuna hatari. Usiku, pita mbali na taa za wavuvi wa sambaza, kwa sababu wavu wao ni mpana kuliko mwanga wao. Na kisu chenye makali kikae karibu na kamba ya nanga daima.

Kuna wanaoniuliza kama nanga inaweza kuamsha gesi ya ziwa. Hapana. Hazina kubwa ya ile methani na kaboni dayoksaidi imeyeyuka kwenye maji ya chini sana, zaidi ya mita 200, na wewe unatia nanga kwenye mita 10. Gesi ya kuiogopa ni mazuku ya nchi kavu upande wa Goma na Sake, ile inayojikusanya mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Ukivuta boti ufukoni huko, usilale kwenye shimo, hata kama linakukinga na upepo.

Kabla ya safari ya kweli, chagua asubuhi tulivu kwenye maji ya mita 3 au 4. Tupa nanga, ivute kwa moteri, kisha vaa miwani ya kuogelea uzame uitazame. Mara yangu ya kwanza kufanya hivyo niliikuta imelala chali, kamba imejizungusha kwenye bawa moja, na samaki mdogo ameshaanza kuipanga kama nyumba.