Usiogope Ulimi Wako: Kwa Anayeanza Kusoma Gayatri

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Nakuru. Wazazi wake ni Wakristo, yeye kwa muda sasa anasoma Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, na kuhudhuria kirtan, kuimba pamoja majina ya Mungu, kila apatapo nafasi. Ameniuliza hivi: "Dada, nimeambiwa mantra ya Gayatri, yale maneno matakatifu ya kurudiarudia, ukiitamka vibaya inakugeukia mwenyewe, na kwamba ulimi wangu wa Kiswahili hautaiweza. Niache?"

Usiache, mdogo wangu. Ningeweza kumjibu hivyo tu nikaendelea na kazi zangu, lakini swali lake limenigusa panapouma. Maneno hayohayo nimeambiwa mimi, niliyezaliwa ndani ya dini hii ya Kihindu, hapa Mombasa, katika nyumba ambayo taa ya samli iliwashwa asubuhi na jioni, iwe raha iwe msiba.

Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Ba, hakujua kusoma. Alfajiri alioga, akachuma majani mawili matatu ya tulsi, mrehani wetu mtakatifu, iliyopandwa kwenye kopo la maziwa kibarazani, akawasha utambi, akakaa mkekani. Tasbihi yake ya punje 108 ilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa wenye tundu la kutolea kidole cha shahada, kwa kuwa kidole hicho hakishiki tasbihi. Punje husukumwa kwa kidole gumba na cha kati. Akifika kwenye punje kubwa, ile inayoitwa meru, hakuivuka. Aliigeuza tasbihi mkononi akaanza kurudi alikotoka. Adhana ikianza msikiti wa jirani, aliiacha kengele, midomo ikaendelea bila sauti. Na maneno yake yote yalikuwa "Ram, Ram", jina la Mungu. Miaka nenda miaka rudi, Ram, Ram.

Gayatri hakunifundisha Ba. Nilifundishwa na mama mmoja wa Arya Samaj, jumuiya ya Wahindu wanamageuzi, aliyehamia mtaani kwetu. Hao ni watu wa Dayananda Saraswati, aliyeanzisha jumuiya hiyo Bombay mwaka 1875, na Nairobi wana tawi tangu 1903. Kwao mwanamke kusoma Veda, maandiko yetu ya kale kabisa, ni haki isiyo na mjadala. Mama yule alinikalisha jikoni kwake, yeye akikanda unga wa rotli, mimi nikirudia mstari baada ya mstari:

Om bhur bhuvah svah
tat savitur varenyam
bhargo devasya dhimahi
dhiyo yo nah prachodayat

Maana yake kwa lugha yetu: tuutafakari mng'ao mtukufu wa Savitri, mungu wa jua, naye azichochee akili zetu. Basi, hakuna zaidi. Haiombi mali wala mume wala adui aanguke. Imo katika Rigveda, Veda kongwe kuliko zote, kitabu cha 3, utenzi wa 62, beti ya 10, na kwa mapokeo aliyeipokea ni rishi, yaani mwonaji wa kale, Vishvamitra.

Usiku mmoja wa Navratri, sikukuu yetu ya siku tisa ya Mungu Mama, baada ya ngoma ya garba, watoto tuliitwa mbele kila mmoja asome alichojifunza. Nikaanza Gayatri. Sikumaliza mstari wa pili. Mzee mmoja mwenye sauti kubwa katika jumuiya yetu akanyanyua mkono, akasema mantra hiyo si ya wanawake, na zaidi ya hapo ninaisoma kama Mswahili wa Majengo. Watu wakacheka. Baba yangu akatazama chini. Wanaosema watoto husahau hawajawahi kuchekwa na ukumbi mzima.

Mzee yule hakuishia hapo, akatoa na hadithi. Tvashtri, mungu fundi, alimkasirikia Indra, mfalme wa miungu, kwa kumuulia mwanawe. Akafanya sadaka ya moto ili apate mwana mwingine wa kumlipizia. Katika maombi yake limo neno indrashatru. Kiimbo kikiwekwa mwishoni, maana yake ni mwenye kumuua Indra. Kikiwekwa mwanzoni, maana yake ni ambaye Indra ndiye muuaji wake. Tvashtri akakosea kiimbo, akazaliwa Vritra, na Vritra akauawa na Indra. "Umeona?" mzee akaniambia.

Nimeibeba hadithi ile kwa miaka, nikaisoma, nikauliza wanaojua kuliko mimi, na leo nina jibu. Hadithi ni ya heshima na ina mahali pake. Usomaji wa Veda ni elimu nzito: sauti zina ngazi zake, ya juu, ya chini na ile inayoshuka. Wapo wanaume walioanza utotoni kukariri maneno yaleyale kwa kwenda mbele na kurudi nyuma ili hata silabi moja isipotee. UNESCO iliutangaza usomaji huo kuwa urithi wa wanadamu mwaka 2003, na ilistahili. Kuhani anayeendesha sadaka ya moto awe amefuzu. Lakini tumtazame Tvashtri aliomba nini. Aliomba kifo cha mwenzake. Wewe unaomba akili yako iamshwe. Nani atakuadhibu kwa kuomba akili?

Na mbona hawatoi hadithi ya Valmiki? Mapokeo yanasema alikuwa mnyang'anyi wa njiani, ulimi wake mzito kwa dhambi, hata jina la Rama likamshinda. Akaambiwa aseme basi "mara, mara". Akasema mara mara mara, mpaka lenyewe likageuka Rama, Rama, na mtu huyo ndiye aliyeitunga Ramayana, utenzi mkuu wa habari za Rama. Hadithi hii Ba aliijua. Hakujua ya Tvashtri.

Kuhusu wanawake nitasema kwa ufupi, maana nimechoka kulisema. Ndani ya Rigveda yenyewe kuna tenzi zenye majina ya wanawake: Ghosha, Apala, Lopamudra. Katika Upanishadi, maandiko ya hekima yanayohitimisha Veda, mwanamke Gargi anasimama mbele ya mabingwa kwenye baraza la mfalme Janaka na kumhoji Yajnavalkya, mwalimu mkubwa. Anayetaka kutunyamazisha aanze na hao.

Sasa huo ulimi wa Kiswahili. Hapa ndipo nataka msomaji wangu akae sawa, kwa sababu ndipo penye faida. Mantra ikiandikwa kwa herufi tunazotumia, Mswahili anajikwaa mahali pamoja tu pakubwa: dh. Dh ya dhimahi na ya dhiyo si dh ya dhahabu. Ulimi hautoki kati ya meno. Ni d, ikifuatwa papo hapo na pumzi. Bh ni hivyohivyo, b na pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo useme bhargo. Usiposikia upepo, rudia. Na hiyo pumzi usiambiwe ni ngeni kwetu. Msikilize mzee wa Mji wa Kale akisema paa wa porini na paa la nyumba. Yule wa porini anatoka na upepo, la nyumba halina. Pumzi ya Kimvita na pumzi ya Kisanskriti ni majirani. Nilipogundua hili nilikuwa mtu mzima, nikatamani mzee yule awe hai nimwambie.

Jambo jingine dogo: Gayatri ni jina la mizani pia, mistari mitatu ya silabi nane nane, jumla 24. Ukihesabu kuanzia tat utapata saba kwenye mstari wa kwanza, na utadhani umekosea. Hujakosea. Wajuzi huihesabu varenyam kama vareniyam, na ya nane inapatikana. Maneno ya mwanzo, Om bhur bhuvah svah, hayamo katika hesabu hiyo.

Vidokezo vya kuanzia ni hivi, na havina siri. Chukua mantra moja, fupi. Isome kila siku saa ileile. Ujue maana yake. Kisha isome tena kesho. Sisi wa pwani ya Ikweta tumerahisishiwa: kule Gujarat, India, jua la Juni na la Januari hupishana zaidi ya saa moja kuchomoza, hapa Mombasa tofauti ya mwaka mzima ni nusu saa hivi. Ukishajizoesha kuamka saa kumi na moja na nusu, alfajiri itakukuta umeshakaa.

Anza kwa sauti. Vitabu vinataja japa, yaani kurudia mantra, ya aina tatu, ya kutamka, ya midomo na ya moyoni, na Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria, inaisifu ya moyoni kuliko zote. Wengi wakisikia hivyo wanarukia ya moyoni, dakika mbili baadaye wanafikiria kodi ya nyumba. Sauti inakushika. Sikio likisikia, akili ina pa kurudi. Arjuna mwenyewe, yule shujaa wa vita, katika sura ya sita ya Gita, analalamika kwamba akili ni ngumu kuizuia kama upepo, na Krishna, Bwana anayemfundisha, hambishii. Anamwambia inadhibitiwa kwa mazoezi na kwa kutong'ang'ania. Ikitoroka irudishe, ikitoroka tena irudishe. Hilo ndilo zoezi lenyewe.

Nyimbo za kurekodi zinazozunguka kutwa nzima sebuleni mimi siziiti japa. Zinapendeza, ziacheni ziimbe wakati wa kupika. Lakini simu haiwezi kukuombea. Nimeona nyumba ambamo mantra inasikika toka asubuhi hadi usiku na hakuna mdomo hata mmoja uliofunguka. Tusidanganyane, ndugu zangu. Katika sura ya kumi ya Gita Krishna anasema miongoni mwa sadaka yeye ni japa, na beti chache mbele, miongoni mwa mizani yeye ni Gayatri. Sadaka ni kitu unachotoa wewe. Asiyetoa pumzi yake ametoa nini?

Ambaye Kisanskriti bado kinamtisha aanze na Hanuman Chalisa, utenzi wa mshairi Tulsidas wa kumsifu Hanuman, mtumishi wa Rama. Ni Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida wa enzi zake, beti 40, ina mdundo unaobebeka hata ukiwa ndani ya matatu. Nyumbani kwangu tunaisoma Jumanne na Jumamosi. Au afanye kama Ba, jina moja tu.

Mwaka huu usiku wa mwisho wa Navratri kamati ilinipigia simu mimi niongoze Jai Adhya Shakti, wimbo wa aarti, ile ibada ya kuzungusha taa, na kabla ya aarti nikaombwa nianze na Gayatri. Nilisoma kwa lafudhi yangu ya Mombasa, kila bh na pumzi yake. Binti yangu alikuwa mstari wa mbele akiifuata neno kwa neno. Hakucheka mtu. Nasema haya kwa fahari na siombi radhi.

Kijana wangu wa Nakuru, swali lako la mwisho lilikuwa kama unahitaji kutawazwa na guru kwanza. Kuna mantra ambazo guru humnong'oneza mwanafunzi sikioni, hizo zisubiri mwenyewe. Wapo pia watakaokwambia Gayatri ni ya waliovishwa uzi mtakatifu tu. Utawasikia, na mimi ninafuata ile elimu ya jikoni kwa mama wa Arya Samaj. Oga, kaa ukielekea mashariki, soma mara chache kwa utulivu kabla hujafikiria punje 108. Nimerekodi mistari yote polepole, dhimahi nimeirudia peke yake. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha nikutumie, nawe urekodi yako unirudishie nisikilize.