Unahudumia wazee? Soma Dementia 21, lakini ukishatoka zamu

Nahudumia wazee majumbani hapa Uingereza, kazi ambayo Wakenya na Watanzania wengi wa huku wanaijua vizuri. Anayeniuliza asome nini kabla ya kuianza namtajia vijitabu vya mafunzo, halafu namwongezea manga, yaani kitabu cha katuni cha Kijapani: Dementia 21 ya Shintaro Kago, juzuu mbili, ya kwanza ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2018.

Mhusika mkuu ni Yukie Sakai, binti mchangamfu. Kampuni yake huwapanga wahudumu kwa alama wanazopewa na wateja. Kwa kuwa anafanya vizuri mno, mwenzake anamwonea gere, na Yukie anaanza kupelekwa kwenye nyumba zinazowashinda wengine. Huko ni vituko vitupu. Yupo mzee aliyekuwa shujaa jitu. Kumbukumbu zimemtoka, ukubwa wake haujapungua. Yupo bibi ambaye akikisahau kitu, kitu hicho kinatoweka duniani.

Huyo bibi msome taratibu. Mwenye demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, usimpe mtihani wa "unanikumbuka mimi nani?" Ingia, salimia, taja jina lako na ulichokuja kufanya, basi. Mmoja wa ninaowahudumia, giza likianza kuingia, huvaa koti na kufunga vifungo vyote hadi shingoni: anakwenda kwa mama yake. Ukimwambia mama alishafariki, unampa msiba mpya kila jioni. Mimi namuuliza mama anapika nini leo. Tukifika kwenye viazi, na jinsi mama alivyokuwa hapendi mtu aonje kabla ya mezani, kifungo cha kwanza kinafunguliwa.

Wengine watasema ni dhambi kuwacheka wazee. Mimi naona Kago anaucheka zaidi mfumo. Japani karibu watu 3 kati ya 10 wametimiza miaka 65, na tangu mwaka 2000 kuna bima ya matunzo ambayo mtu huanza kuichangia akifika miaka 40. Nchi imejipanga hasa. Lakini mfumo ukijipanga sana, mzee anageuka namba na mhudumu anageuka alama. Hata sisi huku dakika zetu zinahesabiwa kwenye simu; soksi zikigoma kupanda mguu uliovimba, umeshachelewa nyumba inayofuata. Hayo yacheke na wenzako mkiwa kituo cha basi. Mbele ya mzee usicheke, hata yule asiyeongea tena. Anasikia.

Kago huchora pia mambo ya kutia kinyaa, kwa hiyo usikiache kitabu mahali watoto wanapofika. Na kama mzazi wako ndiyo kwanza amepewa majibu hospitali, kisubiri kidogo. Miezi ya mwanzo utahitaji usingizi, na ndugu wa kupokezana naye usiku.