Kwa nini majengo marefu yanahamia Upper Hill

Ndugu, umeuliza kwa nini jumba la mikutano la KICC (Kenyatta International Convention Centre) jijini Nairobi si refu kuliko yote tena, na kwa nini minara mipya haijengwi katikati ya jiji. KICC, lililobuniwa na Mnorwe Karl Henrik Nøstvik pamoja na David Mutiso na kukamilika mwaka 1973, lina ghorofa 28 na urefu wa takriban mita 105. Baadaye lilipitwa na Times Tower, mnara mwingine wa katikati ya jiji, na hapo ujenzi wa minara katikati ya jiji ukapoa.

Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni ardhi na magari. Viwanja vya katikati ni vidogo, ni ghali, na maegesho ni taabu tupu, ilhali Upper Hill, mtaa ulio jirani na katikati ya jiji, ilikuwa na nyumba za makazi zenye bustani pana, ambapo mjenzi angeweza kuchimba ghorofa kadhaa za maegesho chini ya ardhi. Zaidi ya hayo, eneo hilo limeinuka, kwa hiyo mnara wa hapo huonekana mrefu kuliko ulivyo.

Tahadhari moja kuhusu takwimu: Britam Tower, mmoja wa minara ya Upper Hill, hutajwa kuwa na mita 200, lakini ghorofa zake ni 31 tu, na takriban mita 60 za juu ni mlingoti wenye mitambo ya upepo. Ukihesabu sakafu zinazokaliwa na watu, UAP Old Mutual Tower, pia ya Upper Hill na yenye ghorofa 33, inautangulia.