Uliza Fundi: Tubomoe ghala la babu?

*Fundi, asalamu alaykum. Babu yetu alipewa eka tatu huku Pemba mwaka 1965, na ndani ya eka hizo likawamo ghala la mawe la karafuu, vyumba viwili na sakafu pana mbele yake. Miaka 6 iliyopita tulichangishana, tukalipiga plasta ya saruji nje na ndani. Sasa plasta inabanduka mapande mapande, ukuta una majimaji mpaka usawa wa kiuno, na boriti mbili zimeoza ncha. Fundi wa hapa kwetu anasema mawe yamekufa: tubomoe tujenge kwa matofali, na sakafu ivunjwe iwe kifusi cha msingi. Bibi hataki, wala hasemi kwa nini. Tumsikilize nani?*
*Msomaji, Wete*

Waalaykumu salamu, mwanangu. Msikilizeni bibi.

Nimeshika mwiko tangu 1971 na jiwe lililokufa sijaliona bado. Nimeona mengi yaliyozibwa pumzi. Ukuta wa ghala lenu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji. Masika unakunywa, kiangazi unayatoa, ndiyo maisha yake. Nyinyi mmeuvisha koti la mpira. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanakuta saruji pande zote mbili, hayana pa kutokea, basi yanazidi kupanda na chumvi yake. Yakifika kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, zinaoza humo humo gizani.

Nakwambia haya kwa aibu kidogo, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa kijana, saruji ndiyo fahari, nikaipiga nyumba moja ya shamba huko Unguja ikawa laini kama yai. Masika ya tatu plasta ikaanguka ubao mzima usiku, na nyuma yake ikabeba ngozi ya jiwe. Mwenye nyumba alinitumia kipande kwenye kikapu, bila barua.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, nenda na nyundo ndogo ugonge ukuta. Panapolia kama mtungi mtupu, plasta imeshaachia: ibandue kwa patasi, taratibu, ukianzia juu. Panapolia kwa uzito, paache kwanza. Ukishafika kwenye jiwe, tia ukucha kwenye kiungo. Ukitoka unga mkavu, sawa. Kikiwa kama uji, hapo pana maji bado, na ukuta uachiwe ukae uchi kiangazi kizima. Najua watu watasema mmeshindwa kumalizia. Waacheni waseme.

Plasta mpya iwe ya chokaa. Zamani tulichoma wenyewe: magogo yanapangwa duara, mawe juu yake, tanuu linawaka usiku kucha, kisha chokaa inazimwa kwa maji na kuachwa ilale miezi. Siku hizi ukipata ya mfuko itafaa, ila iloweke kwenye pipa wiki nzima mpaka iwe kama siagi. Ukikuta mtu anauza ya mawe isiyozimwa, waweke watoto mbali nayo na ufunike macho, maana ikikutana na maji inatokota. Chokaa sehemu moja, mchanga sehemu tatu. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi unene wa kidole, acha likamate, ndipo upige la pili. Tundika magunia mabichi mbele yake siku kadhaa. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa pole pole. Jua likiiwahi, inapasuka.

Boriti zilizooza zitolewe moja moja, dari ikiwa imeegemezwa. Mmeona vyumba vya ghala lenu vyembamba, mita mbili na nusu, ikizidi sana tatu? Mjenzi hakuwa bahili. Huo ndio urefu boriti ya mkoko inaoweza kubeba dari ya mawe. Kukata mikoko kunataka kibali, na mti mwingine mgumu uliokauka vizuri utafaa pia. Ila ncha yake msiizungushie saruji, nakuombeni.

Sasa sakafu. Hapa nimekasirika, nisamehe. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi mno ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na karafuu ikawa ya kwenu toka hapo. Karafuu inataka pa kuanikwa. Sakafu ile ni kokoto na chokaa zilizopigiliwa kwa vigongo siku na siku, watu wamejipanga mstari wakiimba ili vigongo vishuke pamoja, mpaka uso unakuwa mgumu na unang'aa. Mvua ikija inateremka kwenye mwinamo wake. Leo watu wanaanika barabarani, karafuu inakula mchanga na moshi wa magari, na nyinyi mnataka kuivunja iwe kifusi! Nyufa zake zifagie, zimwagie maji, zijaze chokaa, mchanga na vigae vya vyungu vilivyopondwa, kisha pigilia mpaka maji yapande juu. Kazi ya wiki moja kwa vijana wanne.

Ukitaka kumwonyesha fundi wenu chokaa inavyodumu, mkivuka Unguja mpelekeni Kidichi, katikati ya mashamba, kwenye hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mapambo ya chokaa ukutani yangalipo.

Na jambo moja lisilo la ufundi: kaeni warithi wote mkubaliane kwanza. Nimewahi kuacha kazi na jukwaa limesimama kwa sababu shangazi mmoja wa Mombasa hakuulizwa.

*Fundi, mimi niko Lamu. Mchanga wa pwani uko bure mlangoni kwangu. Naweza kupigia plasta ya chokaa?*
*Msomaji, Lamu*

Hapana, ndugu yangu. Una chumvi, na chumvi itavuta unyevu kila upepo ukigeuka. Tafuta wa bara, au ule uliorundikwa ukapigwa na mvua masika mawili. Mimi nikiletewa gari la mchanga natia punje tatu ulimini kabla halijamwaga. Madereva wananicheka, lakini kuna magari yamerudi na mzigo wake.