Nimekosa udaktari, nimepata biolojia ya molekuli. Kazi ipo?

Swali: Shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia). Niliomba udaktari nikakosa. Nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya Biolojia ya Molekuli na Bayoteknolojia. Baba anasema kozi hiyo haina kazi, afadhali nikae nyumbani mwaka mmoja niombe tena. Nikiisoma, nitafanya kazi gani? Na je, maabara ya hospitali itanichukua? *(Msomaji, Mbeya)*

Jibu: Marahaba. Mzee hajakosea moja kwa moja. Daktari akimaliza miaka yake mitano anakwenda utarajali mwaka mmoja, baraza linamsajili, na kiti chake kinajulikana tangu siku anaanza chuo. Wewe hutakuta kiti chenye jina lako. Ila kukosa kiti si kukosa kazi.

Mimi niko kwenye maabara ya utafiti wa malaria. Vijana wa uwandani wanatuletea mbu kwenye vichupa. Kuna mbu ndugu wawili, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, ambao ukiwaweka kwenye hadubini hata aliyezeeka kazini hawatofautishi. Basi tunang'oa mguu mmoja, tunatoa DNA, tunaipitisha kwenye mashine ya PCR, inayonakili kipande cha DNA mara nyingi, kisha tunaitembeza kwenye jeli kwa umeme. Mstari wa DNA ukisimama kwenye urefu wa jozi 390 za besi (vipande vidogo vinavyounda DNA), huyo ni gambiae. Ukisimama kwenye 315, ni arabiensis. Unaweza kuona ni mambo ya wasomi tu, lakini arabiensis hunywa damu ya ng'ombe bila shida na huuma sana nje ya nyumba, watu wakiwa bado wanapiga soga barazani. Chandarua hakimpati vizuri. Kijiji chenye arabiensis wengi kinahitaji mbinu za ziada, na anayejua hilo mapema ni yule aliyeshika ule mguu.

Mikono hiyohiyo inahamishika. Batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo ni magonjwa ya virusi, yote yanasambazwa na inzi weupe, na hutambuliwa kwa PCR pia. Ndiyo kazi ya watu wa TARI Mikocheni, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Vipimo vya DNA vya kesi za jinai na za uzazi hufanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Viwanda vya maziwa na bia vinahitaji mtu wa kupima vijidudu kila siku. Ualimu nao upo, ukiongeza stashahada ya uzamili ya elimu.

Hospitali ni habari nyingine. Kule unahitaji usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na njia iliyonyooka ni kusomea sayansi ya maabara za afya yenyewe. Kama moyo wako uko hospitalini, waandikie Baraza sasa, kabla hujalipa ada, uulize kama shahada uliyopata inasajiliwa. Usingoje kuambiwa ukiwa na joho.

Ubaya wake nao usifichwe. Kazi za utafiti nyingi ni za miradi: mkataba wa mwaka, miaka miwili, fedha za mfadhili zikikatika na wewe umekatika. Na mwenye shahada ya kwanza peke yake mara nyingi hubaki kuandaa sampuli za wengine. Anayetunga swali la utafiti ana uzamili. Kwa hiyo hesabu miaka mitano au sita, si mitatu.

Kuhusu kusubiri: alama zako hazitapanda zikiwa kabatini. Mwakani utashindana na kundi jipya kwa cheti kilekile. Kama unataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, hiyo ni hoja, mweleze baba hivyo. Kukaa tu, mimi siungi mkono.

Ukienda, chunga sana mafunzo ya vitendo. Wengi huchagua mahali palipo karibu na nyumba ya mjomba. Mimi mwaka wa pili nilipangwa sehemu moja, nikaosha chupa na kubandika lebo wiki zote, nikarudi chuoni sijagusa pipeti, kile kifaa cha kupimia na kuhamisha vimiminika. Aliyenizindua ni fundi mmoja mzee wa maabara, aliyeniruhusu kubaki jioni kurudia jaribio moja mpaka likatoka safi mara tatu mfululizo. Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa jaribio hilo. Jifunze pia kuchambua data kwa programu ya R. Ni ya bure, na maabara nyingi zina sampuli tele lakini hazina wa kuzisoma.

Wiki ya kwanza chuoni, nenda ukawaulize wa mwaka wa tatu: kwenye vitendo, wanafunzi wangapi wanashirikiana pipeti moja? Wakikwambia kumi, anza kumtafuta fundi wako mapema.